Sanamu iliyotupa mgongo

Asubuhi moja ya Jumapili, mwaka 2011, tuliamka nyumbani Ukunda tukakuta Bikira Maria ametupa mgongo. Sanamu ilikuwa pale pale inapokaa siku zote, kwenye meza ya sala, kona ya sebule, kati ya msalaba na chupa ya maji ya baraka. Haikuanguka, haikuvunjika. Ila uso ulikuwa umeelekea ukutani, na mshumaa ambao mama aliapa aliuzima kabla ya kulala ulikuwa umeteketea hadi ukabaki utambi mweusi chini ya glasi. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Dirisha lilikuwa na nondo na wavu wa mbu. Paka hatukuwa naye.

Nilikuwa darasa la sita. Ninachokumbuka zaidi si hofu. Nakumbuka kwamba kabla ya saa sita mchana kila mtu alikuwa na jibu lake tayari.

Wamama wa Jumuiya waliopita kwetu baada ya misa walisema ni majini. Diani ina majini, kila mtu anajua, aitwe padri abariki nyumba upya. Mwenye ploti, mzee wa Kidigo asiyekosa swala hata moja, alisimama mlangoni, akatazama, akakataa kuingia. Kwa maoni yake hayo hayakuwa majini. Zilikuwa koma, wazee waliotangulia, wenye ardhi, na akauliza kwa upole kama kuna mtu amechimba shimo uani wiki hiyo. Jirani wa chumba cha pili, kijana wa kazi ya hoteli, alisema ni upepo wa feni. Feni yetu ilikuwa imekufa tangu Pasaka, lakini alishikilia hapo hapo. Halafu akaja mjomba kutoka Likoni. Alisikiliza wote, akauliza swali moja tu: "Huyu kijana wenu jana alilala wapi?"

Kijana mwenyewe ni kaka yangu. Alikuwa na miaka 20, akifanya kazi za boti ufuoni, na usiku huo alilala kwenye kochi, hatua tatu kutoka kwa meza ya sala. Pia kwa miezi kadhaa alikuwa akienda msikitini Ijumaa, na alidhani hatujui. Mjomba alifungua begi lake mbele yetu sote, akatoa kanzu na kofia, akaviweka juu ya meza vile polisi hupanga magunia ya bangi mbele ya kamera. Kesi ikaisha. Hakuna aliyemuuliza kama aligusa sanamu. Aliulizwa, "Wewe ni wetu ama ni wao?"

Aliondoka kabla ya chakula. Siku hizi anaishi Msambweni, ana watoto watatu, na mama huenda kwake kila Idi na kurudi na biriani kwenye bakuli la plastiki ambalo halirudishwi. Sanamu haijawahi kugeuka tena, na hakuna aliyeeleza ilivyogeuka.

Nami siandiki kutafuta aliyeigeuza. Nataka kuelewa kwa nini jibu lilikuwepo kabla ya swali. Nilisoma historia chuoni miaka miwili kabla karo haijakwama na mimi nikaachana na chuo, na katika miaka hiyo miwili kitu kimoja tu ndicho kilinishika kabisa: kisa cha mfalme mmoja wa Mombasa ambaye naye alionekana usiku akifanya jambo la siri, na watu wakajua maana yake kabla ya kumuuliza. Lakini huwezi kufika kwa mfalme kabla ya kupita kwenye sanamu.

Sanamu yenyewe ina safari. Ni ya plasta, ndefu kama kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole, na ilitoka Likoni ikiwa imefungwa kwenye leso. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakachukua bunduki, kisha wakageukia nyumba na vibanda vya watu wa bara: Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya. Mashambulizi yakaendelea kwa wiki kadhaa na kushuka kusini hadi huku kwetu Ukunda. Shirika la Human Rights Watch liliandika baadaye kwamba zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 wakahama. Maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, wakalala nje, mvua na jua. Mama, Mkamba wa Kitui aliyekuja Pwani kufua mashuka ya hoteli, alikuwa mmoja wao. Mkono mmoja kaka, miaka sita. Mkono wa pili, sanamu.

Wengi wa wavamizi walikuwa Wadigo, na walikuwa wamelishwa kiapo msituni, wakaaminishwa kuwa risasi hazitawapata. Lakini vita vile havikuwa vya dini. Ilikuwa miezi minne kabla ya uchaguzi wa Desemba 1997, na kura za watu wa bara zilikuwa na uzito wake Likoni. Vijana walikuwa na hasira ya kweli kuhusu ardhi, maana mashamba ya ufuoni yalikuwa yamegeuka hoteli huku wenye asili ya hapo wakiuza madafu getini, na wanasiasa wakaichukua hasira hiyo wakaipa kazi nyingine. Tume ya Jaji Akiwumi ilikaa na ushahidi wa haya yote, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuisoma ripoti yake. Ila anayekimbia usiku na mtoto hasomi ripoti. Kwa mama, ramani ya Pwani ilichorwa usiku ule: upande huu kanisa lenye taa, upande ule giza. Eti kabla ya kufika kanisani alifichwa kutwa nzima chini ya kitanda na jirani Mdigo, mama wa watu, aliyewadanganya vijana mlangoni kwamba hakuna mtu. Hilo pia hulisimulia. Ila hulisimulia mwisho, baada ya watu kuanza kuinuka kwenda zao.

Kwa hiyo sanamu ilipotupa mgongo miaka 14 baadaye, mjomba hakuwa akichunguza. Alikuwa akikumbuka.

Sasa itazame meza yenyewe, maana ina mambo. Neno meza ni la Wareno. Leso iliyofunga sanamu, neno la Wareno. Padri aliyeitwa kubariki nyumba, Mreno huyo huyo, na mvinyo wa misa yake pia. Lakini kilichokaa juu ya meza kinasema Kiarabu. Sanamu inatoka kwenye sanam, ambayo kwa Kiarabu ni kile kinyago cha kuabudiwa ambacho Uislamu ulikuja kukivunja. Bikira ni Kiarabu. Msalaba ni Kiarabu. Sala yenyewe ni Kiarabu. Yaani mama akisema "nimesali kwenye meza mbele ya sanamu ya Bikira," amezungumza kama bandari ya Mombasa ya mwaka 1600, na hana habari. Watu wanaotaka kutenganisha vitu hivi huwa wamechelewa kwa karne kadhaa.

Desturi ya kuwa na altare nyumbani nayo haikutoka Roma moja kwa moja ikatua Ukunda. Njia moja ilipita Goa, kwenye pwani ya magharibi ya India, iliyokuwa makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi. Nyumba za Wakatoliki wa Goa huwa na oratorio, kikabati cha mbao chenye milango kama ya saa ya ukutani, ndani yake Maria, Yesu na watakatifu wa ukoo. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, Wagoa walikuja kufanya kazi za ukarani, upishi na ushonaji, na watakatifu wao wakaja nao. Njia nyingine ilikuwa ibada ya kuusimika Moyo Mtakatifu wa Yesu katika nyumba, iliyoanzishwa na Padri Mateo Crawley-Boevey mwaka 1907 Ufaransa: picha inatundikwa sebuleni, familia inajikabidhi, Yesu anakuwa mfalme wa nyumba. Na kilichofikisha mambo haya kwa watu wa ploti kama sisi ni Jumuiya Ndogo Ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kwamba kanisa lianzie kwenye nyumba za waumini, mitaani. Jumuiya inazunguka nyumba hadi nyumba, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani, na kila mwenyeji lazima awe na meza, kitambaa safi na mshumaa. Hivyo altare ya nyumbani ni kitu cha faragha ambacho majirani hukikagua kila baada ya muda. Hili tulishike, litatusaidia.

Na tuishike Goa pia, maana kabla Wagoa hawajaja Mombasa na vikabati vyao, Mombasa ilipeleka Goa kichwa kimoja na mtoto mmoja.

Kichwa kilikuwa cha Hasan bin Ahmad, mfalme. Ukoo wake ulikuwa wa Malindi, marafiki wa Wareno tangu siku za Vasco da Gama, na Wareno walipoiteka Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, waliuleta ukoo huo Mombasa utawale chini yao. Urafiki uliharibika pale pale urafiki wa namna hiyo huharibikia, yaani kwenye ushuru wa bandari, na kwenye tabia za makamanda wa ngome ambao walikuja Mombasa kwa miaka michache wakitaka kurudi matajiri. Hasan aligombana nao, akalalamika, na mwishowe mwaka 1614 akavuka kukimbilia bara, kwa watu wa upande wa Rabai. Huko aliuawa na watu waliolipwa kumuua. Kichwa chake kikapelekwa Goa.

Mtoto alikuwa mwanawe, Yusuf, wa miaka kama saba hivi. Naye alipelekwa Goa. Fikiria hapo kidogo. Wale wale ambao utawala wao ulimuua babake walimchukua wakamlea, na walimlea vizuri. Aliwekwa chini ya mapadri Waagustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza Kireno na katekisimu. Alihudumu kwenye meli za vita za Wareno, akaoa mke Mreno. Mwaka 1626, akiwa na miaka 19 hivi, alirudishwa Mombasa kama mfalme, Mkristo wa kwanza kukalia kiti hicho, na akatuma barua ya utii kwa Papa Urban VIII. Kwa Wareno ilikuwa ni kama mradi umefaulu.

Alirudi kwenye mji ambao wengi wa watu wake walikuwa Waislamu na wakuu wa ngome walikuwa wale wale kwa tabia, majina tu ndiyo yamebadilika. Waislamu walimwona ni Mreno aliyevaa ngozi yao. Wareno walimwona ni mwenyeji aliyevaa jina lao. Kamanda wa wakati huo, Pedro Leitão de Gamboa, hakumheshimu, na hakujificha kwamba hamheshimu. Kijana huyu hakuwa na chumba hata kimoja Mombasa ambacho hakikuwa na mtu wa kumtazama. Nyumba ya mfalme Mkristo ilikuwa kama sebule ya zamu ya Jumuiya, ila Jumuiya yenyewe ina mizinga.

Halafu akaonekana. Kisa kilivyohifadhiwa na upande wa Wareno ni hiki: mfalme alikuwa akitoka usiku kwenda kwenye kaburi la babake na kusali hapo kwa namna ya Kiislamu. Mtu alimwona, akampelekea kamanda habari. Kamanda akaazimia kumkamata na kumpeleka Goa, ambako kulikuwa na mahakama ya Inkwizisheni, na kwa Mkristo aliyeshukiwa kurudi kwenye Uislamu hiyo haikuwa safari ya kuulizwa maswali mawili matatu. Yusuf akapata habari kabla hajakamatwa.

Mimi kila nikifika hapa husimama. Nani alimwona, na aliona nini hasa? Usiku Mombasa, hakuna taa, mtu amesimama mbele ya kaburi. Mwislamu akiomba dua huinua viganja wazi mbele ya kifua. Lakini nenda misa Jumapili hii utazame padri akiwa altareni: naye husali viganja wazi, mikono imeinuliwa. Yusuf alikaa miaka 12 katika mikono ya mapadri hao. Na kuombea wafu si jambo la Waislamu peke yao. Kanisa Katoliki lina siku nzima ya kazi hiyo, tarehe 2 Novemba, na mtu aliyelelewa na Waagustino aliijua. Ongeza kwamba huyu ni mtoto aliyeondolewa akiwa na miaka saba kutoka kwa baba ambaye kichwa chake kilisafirishwa baharini kama ushahidi wa kazi iliyokamilika. Angesimama pale kwa lugha gani? Yawezekana alisali Kiislamu. Yawezekana alisali Kilatini. Yawezekana alilia tu. Watu wa ufuo wetu huu wa kusini, wenye koma zao, wasingepata shida kabisa kuelewa kijana anayemwendea babake usiku. Wangeona ajabu kama asingekwenda.

Ila aliyemwona hakuwa akiuliza kijana anafanya nini. Alikuwa akiuliza ni wa nani.

Sitaki kumgeuza Yusuf malaika, maana kilichofuata hakipambiki. Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja baada ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, aliingia Fort Jesus na wafuasi wake na kumuua kamanda. Walioishi mjini, Wareno na Wakristo wenyeji, wakakimbilia konventi ya Waagustino wakajifungia. Yusuf akatangaza kuwa amerudi kwenye Uislamu na jina la babake. Waliokuwa ndani walikaa siku chache, wakatoka, na wengi wakauawa. Wakristo Waafrika, watu wa Mombasa waliobatizwa kama yeye, waliwekewa chaguo: uache dini hii ama ufe. Wapo walioiacha. Wapo waliokataa. Kwa jumla waliokufa walikuwa karibu 300, na kama nusu yao ni hao Waafrika, wanaume, wanawake na watoto. Alikuwa na miaka kama 24. Mimi ninayeandika hii ni mkubwa kwake kidogo, na bado mama huniuliza kama nimekula.

Ona pia kilichotokea hapo. Mtu ambaye aliulizwa "wewe ni wetu ama ni wao" aligeuka, akachukua swali lile lile, akawashikia watu 300 shingoni.

Habari hizi tunazipata wapi? Baada ya mauaji, Kanisa lilifungua uchunguzi. Mashahidi walionusurika walihojiwa kwa kiapo, na maneno yao yakaandikwa. Mwanahistoria G.S.P. Freeman-Grenville aliyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1980 katika kitabu kiitwacho The Mombasa Rising against the Portuguese, 1631. Ni hazina, na ni watu wa kweli wanaozungumza, wakiwa bado na vumbi la tukio. Lakini uchunguzi wa aina hiyo ulikuwa na lengo lake: kuthibitisha kwamba waliokufa ni wafiadini. Na kwa sheria ya Kanisa, mfiadini ni aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani. Ukiuawa kwa sababu ya ushuru wa bandari, wewe ni marehemu tu. Ukiuawa kwa sababu kamanda wako alimtukana mfalme mbele za watu, au kwa sababu miaka 17 nyuma mtu alilipwa kumkata kichwa babake, wewe ni marehemu tu. Ili 300 wale wawe watakatifu, kisa kilihitaji kuanzia kwenye dini. Kilihitaji kaburi, usiku, na mikono iliyoinuliwa.

Sisemi mashahidi walidanganya. Nasema swali lina mkono wake katika jibu. Wakiulizwa "alichukia imani?" watu hukumbuka sala ya usiku. Wangeulizwa "alidaiwa nini na ngome?" wangekumbuka mengine. Vivyo hivyo upande wa pili: miaka mingi baadaye, katika enzi za kudai uhuru na baada yake, ilikuwa rahisi kumsoma Yusuf kama shujaa wa Pwani aliyeamka dhidi ya wakoloni, na hapo wale Waafrika 150 hivi waliokataa kubadili dini hupungua hadi wanakuwa tanbihi, maana hawafai kwenye hadithi. Kama alikuwa akipigana na wageni, wao walikuwa nani? Walikuwa watu wa Mombasa. Wengine walikuwa na meza zao za sala, naamini, na majirani waliozijua. Kila upande umechukua nusu ya maiti na kuzizika kwa heshima.

Kitu kimoja hakimo popote katika karatasi hizo: sauti ya Yusuf akieleza usiku wa kaburini. Alikuwa na kalamu, alijua Kireno, aliwahi kumwandikia Papa mzima. Lakini kuhusu kaburi tuna aliyemchungulia tu, na waliosikia kutoka kwa aliyemchungulia. Wanahistoria hufanya kazi na kilichopo, sawa. Mimi nimekaa sebuleni nikatazama kanzu ikiwekwa juu ya meza kama kielelezo, na kwa sababu hiyo siwezi kusoma ile sentensi ya kuonekana kaburini kwa haraka kama vitabu vinavyoipita. Kwenye vitabu hiyo ndiyo sababu. Kwangu ni mahali ambapo mtu aliacha kuulizwa.

Mzee wetu mwenye ploti, yule wa koma, aliniambia kitu miaka kadhaa baadaye nikiwa namsaidia kubeba makuti. Nilimuuliza kwa nini yeye, haji wa watu, aliongelea koma siku ile na si shetani. Akasema, kijana, mimi naswali, lakini babu yangu amezikwa Kinondo. Alimaanisha upande wa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo hapo Diani ambao tangu 2008 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Ukiingia leo unafungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuelekezwa cha kugusa na cha kutogusa, na anayekuelekeza ni Mwislamu. Haoni ajabu. Kilomita chache kaskazini, kwenye mlango wa mto Mwachema, kuna msikiti wa kale wa Kongo, wa mawe, katikati ya mibuyu, na watu bado wanaswali humo. Ukanda huu wote ni wa watu wanaoshika vitu viwili bila kuomba ruhusa. Shida huanza anapotokea mtu mwenye daftari.

Wareno walirudi. Mapema mwaka 1632 walileta meli kutoka Goa, wakaizingira Fort Jesus, ngome waliyoijenga wao wenyewe, wakashindwa kuingia, wakaondoka. Yusuf hakungoja warudi tena. Mwezi Mei aliacha ngome, akapanda meli aliyokuwa ameiteka na kuwa mwindaji wa baharini, kati ya Uarabuni, Komoro na Bukini, akiwasumbua Wareno kwa ufundi aliofundishwa nao. Alikufa upande wa Bahari ya Shamu miaka michache baadaye, mnamo 1638, akiwa na miaka 30 na ushee. Kesi ya wafiadini ilipelekwa Roma na haijamalizika hadi leo. Karne zikapita. Ngome ikachukuliwa na Waomani mwaka 1698, kisha Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hata hilo neno gereza, wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye neno la Kireno la kanisa, igreja.

Ukienda Fort Jesus leo, kabla hujapita kwenye lango kuu simama chini yake utazame juu. Kuna jiwe la maandishi ya Kireno la mwaka 1639, liliwekwa na kamanda Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Amejisifu humo kwa urefu: alivyoikarabati ngome, wafalme aliowatoza kodi, Pate na Siyu alivyoziadhibu kwa mkono wake. Yusuf naye yumo, katikati ya sifa za mwenzake. Anatajwa kama mfalme dhalimu aliyewaasisha watu wa pwani hii. Jina hawakuliandika, wala lile la babake, wala lile walilompa wenyewe.